Seva zako au klaudi: hesabu zinazopigwa nusu

Kila klaudi (mitambo ya kampuni nyingine unayoikodi kupitia intaneti) ikizima, kama ile ya tarehe 20 Oktoba 2025 ambapo hitilafu ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani) kwenye kituo cha AWS, klaudi ya Amazon, cha Virginia iliangusha huduma kibao dunia nzima kwa masaa, wanaibuka watu wanasema basi kila mtu anunue seva zake, yaani kompyuta za kuhifadhi data na kuendesha mifumo yake. Diski ikifa ofisini wanaibuka wengine, si mngeenda klaudi tu. Mi naona wote wana hoja ila hesabu zao wanaziishia njiani.

Tuanze na hela maana ndo inaongelewa zaidi. Mfano wa kila siku ni 37signals, wale wenye Basecamp, programu ya kusimamia kazi za timu, 2022 bili yao ya klaudi ilikuwa dola milioni 3.2, wakanunua seva za Dell za kama dola 700,000, wakahama, na 2024 wakasema wanaokoa karibu dola milioni 2 kwa mwaka. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, nao walipoweka vitabu vyao wazi 2018 wakielekea soko la hisa, walionyesha wameokoa karibu dola milioni 75 ndani ya miaka 2 baada ya kutoa mafaili ya wateja AWS na kuyaweka kwenye mitambo yao. Namba hizo sibishani nazo. Kinachorukwa ni kwamba mzigo wao ulikuwa unajulikana, sio leo watumiaji mia kesho laki, na mafundi wa kuendesha mitambo walikuwa nao tayari. 37signals hawakuajiri mtu mpya, na hapo watu wanaelewa kwamba seva haitaki fundi, wakati fundi alikuwepo siku zote, alikuwa analipwa kusimamia hiyohiyo klaudi. Halafu seva zenyewe hazikai ofisini kwao, ziko data senta za kukodi, umeme na ubaridi anahangaika nao mwingine.

Sasa wewe unayetaka seva ndani ya jengo lako hayo yote ni yako. Umeme wa akiba, jenereta, kiyoyozi ambacho hakizimwi wikiendi jengo likifungwa, laini mbili za intaneti za kampuni tofauti na uhakikishe hazipiti mtaro mmoja. Na diski jamani. Ofisi inanunua diski 6 siku moja, toleo moja, zinafanya kazi ileile kwa hiyo zinazeeka pamoja, ya kwanza ikifa unachomeka mpya na mfumo unaanza kujijenga upya, kwa diski za terabaiti 16 hiyo inaweza kula zaidi ya siku nzima na muda wote huo zile 5 zilizobaki zinasomwa mwanzo mwisho bila kupumzika, sasa ya pili ikifia hapo katikati na uliweka RAID 5, mpangilio unaovumilia diski moja tu kufa, kwaheri, data yote imeenda. Fundi mzuri anaweka RAID 6, inayovumilia mbili, na diski ya akiba kabatini, ila huyo fundi umemweka kwenye bajeti?

Wengine wanasema ukinunua mashine umeshaachana na mwenye nyumba, hamna tena kodi kupanda. Si kweli sana. Broadcom walipoinunua VMware, wenye programu ya kugawa seva moja ifanye kazi kama nyingi, mwishoni mwa 2023 waliacha kuuza leseni za kudumu, ukawa unalipia kwa kipindi, na wengi walioumia ni haohao wenye seva zao.

Upande wa klaudi kinachouma ni pale unapotaka kuondoka na mzigo wako. Kuingiza data bure, kuitoa unalipia, AWS bei ya kawaida inaanzia kama senti 9 za dola kwa gigabaiti, yaani terabaiti 10 zikitoka ni kama dola 900. 2024 Google na AWS walifuta hiyo ada kwa mteja anayehama moja kwa moja, lakini ile ya matumizi ya kawaida ipo palepale, na kama watu wako wanafungua video au picha kubwa kutwa nzima ndo inayokumaliza kimyakimya. Kwa kazi kama hiyo, watumiaji wote wako jengo moja na mafaili ni mazito, seva ya ndani inashinda na hata mtandao ukikata kazi inaendelea. Ila ukiwa na tovuti inayolipuka siku za matokeo au za ofa halafu mwezi mzima imelala, kununua mashine za kukaa bure ni kuchoma hela.

Kuhusu usalama wa data wala nisingechagua upande. Machi 2021 jengo la OVHcloud, kampuni ya klaudi ya Ufaransa, pale Strasbourg liliungua, na kuna wateja bakapu zao (nakala za akiba) zilikuwa eneo lilelile. Mei 2024 UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, mfumo wao ulifutwa kwa kosa la upande wa Google, wanachama wakakaa kama wiki bila kuona akaunti zao, na zilizosaidia ni bakapu zikiwemo walizokuwa nazo kwa mtoa huduma mwingine. Na kumiliki kila kitu sio kinga, Facebook Oktoba 2021 walizima kama masaa 6 kwa kosa lao wenyewe na mainjinia wao wakachelewa kuifikia mitambo kwa jinsi ulinzi ulivyokuwa mkali.

Kwa hiyo ningeulizwa, mzigo usiobadilika na wa watu wa ndani ukae ndani kama una fundi, unaopanda na kushuka uende klaudi, na nakala ya kila upande ilale upande mwingine, kwa akaunti tofauti. Na funguo ya kufungulia hiyo bakapu usiihifadhi kwenye seva ileile unayoibakapu, utacheka ila wapo.