Namba yako ya simu isikae kwenye komenti

Ukitaka kujua jina kamili la mtu hapa Dar es Salaam, namba yake ya simu inatosha. Fungua menyu ya kutuma pesa, weka namba, weka shilingi elfu moja, na kabla hujathibitisha jina linajitokeza, la kwanza mpaka la ukoo, kama lilivyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA. Ghairi hapo hapo: hela yako haijatoka, na mwenye namba hajui kama kuna mtu kamchungulia.

Utaratibu huo siupingi, umetuokoa wengi tusitume pesa kwa mtu siye. Ila ndio unaonifanya niumie kila ninapoona namba zimeanikwa chini ya posti za watu.

Pita kwenye ukurasa wa muuza mapazia yeyote wa Kariakoo. Chini ya picha moja utakuta: "Nipo Goba, geti jeusi karibu na shule, mchana nashinda peke yangu na mtoto, nipigie," kisha namba. Dada huyo anajua anaongea na muuzaji. Lakini anayesoma ni yeyote mwenye bando. Mpaka hapo jina lake, mtaa wake, geti lake na saa anazokuwa peke yake vinajulikana, na hakuna aliyemwibia chochote.

Wengine hujitetea kwamba akaunti zao wamezifunga. Kufunga akaunti kunalinda ulichoweka kwako. Ukikomenti kwenye ukurasa ulio wazi, iwe Instagram au Facebook, komenti yako iko wazi kama ukurasa wenyewe.

Kurasa za huduma kwa wateja ndizo zinazonitisha zaidi. Mtu amekosea muamala, ana hasira, wakala kamwambia hawezi kumsaidia, basi anakwenda kumwaga yote hadharani: namba yake, kiasi, saa aliyotuma, hata kumbukumbu namba ya muamala. Matapeli wanashinda hapo. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshauzoea, unatupwa gizani kwa yeyote utakayempata. Huyu wa sasa anakupigia akikuita kwa jina: "Wewe si ndiye uliyelalamika asubuhi kuhusu ile elfu themanini? Tunakurudishia sasa hivi, fuata maelekezo." Kila anachosema ni kweli, maana umeandika mwenyewe. Ndiyo maana sikubali watu wanaposema aliyetapeliwa hivyo ni mjinga. Mtu mwenye shida aliyepigiwa simu na anayeijua shida yake neno kwa neno, ataachaje kumwamini?

Lawama yangu kubwa naipeleka kwa wenye kurasa. Wao ndio wanaoandika "acha namba yako hapa tukupigie", kwa sababu komenti nyingi zinausogeza ukurasa mbele. Namba za wateja zinageuzwa chambo cha biashara. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inatambua haki ya mtu kuhifadhiwa maisha yake binafsi, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzitunza. Kwa maoni yangu, kumwambia mteja aandike namba mbele ya kadamnasi ni kinyume kabisa na roho ya sheria hiyo, hata kama duka lenyewe ni fremu moja Mtaa wa Msimbazi.

Mwenye ukurasa anaweza kuficha komenti yenye namba na kumfuata mteja kwenye ujumbe wa faragha. Ni kazi ya sekunde chache, na wapo wauzaji wanaoifanya.

Nawe kama uliwahi kuacha namba mahali, rudi ukaifute leo. Kuifuta hakuondoi picha ambazo watu wameshazipiga, lakini kunamzuia atakayepita kesho. Ukishamaliza, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua iripoti kwa mtandao husika. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.