Kesi ya Kesavananda ilikuwa ya mashamba

Mawakili wa Kenya walipovutana mahakamani juu ya BBI, mpango wa kurekebisha katiba, mwaka 2021 na 2022, jina la Kesavananda Bharati lilitajwa sana. Kesi yake, iliyoamuliwa India mwaka 1973 na majaji 13 waliogawanyika 7 kwa 6, ndiyo iliyozaa hoja kwamba bunge haliwezi kubomoa muundo wa msingi wa katiba. Kinachosahaulika ni kilichompeleka huyo Swami mahakamani. Aliongoza makao ya watawa wa Kihindu ya Edneer, Kerala, na sheria ya ukomo wa ardhi, inayoweka kiwango cha juu cha shamba na kutwaa ziada ili wagawiwe wasio na ardhi, ilikuwa inanyemelea mashamba ya makao hayo. Hoja ya katiba ikazunguka dunia. Vibarua waliokuwa wakisubiri ardhi ya ziada hawatajwi.

Wenye ardhi walikuwa na lao la kusema. Familia ya Golaknath ya Punjab, yenye zaidi ya ekari 500, iliambiwa kila mmoja abaki na 30. Fidia ilikuwa ndogo, na maafisa wa serikali ndio walioamua kama shamba ni la umwagiliaji au la ukame. Kwa miongozo ya serikali kuu ya India ya 1972, tofauti hiyo ilimaanisha kubaki na ekari 10 hadi 18, au kufika 54. Isitoshe, serikali isiyodhibitiwa humnyang'anya hata mnyonge: huko Singur, Bengali Magharibi, ilitwaa karibu ekari 1,000 kwa ajili ya kiwanda cha magari, na ni Mahakama ya Juu iliyoamuru mwaka 2016 wakulima warudishiwe. Hoja hiyo naiheshimu.

Lakini tazama hesabu. Kwa takwimu za serikali, ardhi iliyotangazwa kuwa ya ziada India nzima ilizidi ekari milioni 7. Iliyogawiwa ni kama milioni 5.4, kwa watu wapatao milioni 5.5, yaani chini kidogo ya ekari moja kwa mtu. Pengo ni karibu ekari milioni 2. Kwa kipimo hichohicho, hao ni watu wapatao milioni 2 ambao sheria iliwatambua, ardhi yao ikapimwa, na hawakuipata. Baadhi ya ardhi hiyo kweli hailimiki. Nyingine nyingi imekwama kwenye mashauri. Na hiyo milioni 7 yenyewe ni ile tu iliyoshindikana kufichwa.

Zuio la mahakama halihitaji kushinda kesi. Mwenye shamba akilipata, anaendelea kuvuna msimu baada ya msimu, rufaa ikipanda ngazi, wakati aliyeandikwa kupewa anabaki kulima kwa ujira kwenye ardhi ileile. Aliyekosa zuio aligawa mashamba kwa ndugu, kwa watumishi, kwa wakfu. Uttar Pradesh, kila mtoto wa kiume mtu mzima aliweza kuiongezea familia hekta 2, binti hakuhesabiwa. Mwaka 1980 wenye ardhi wakubwa walifika Mahakama ya Juu wakilalamika kwamba mabinti wao wanabaguliwa. Ubaguzi ulikuwepo, ila walichotafuta ni hekta. Mahakama iliwakatalia, na ilifanya vizuri.

Ndiyo maana sikubali usemi kwamba sheria hizi zilishindwa kwa sababu wazo lilikuwa bovu. Bodh Gaya, Bihar, vibarua waliolima ardhi ya makao makubwa ya watawa wa Kihindu, iliyofichwa nyuma ya wakfu na majina ya miungu, walianza kudai haki yao miaka ya 1970. Wanawake walishikilia hatimiliki ziandikwe kwa majina yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao walizipata.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 68, inalitaka bunge liweke kiwango cha juu cha ardhi binafsi. Mwenye ardhi atakuwa na wakili siku ya kwanza. Sheria hiyo iseme zuio linadumu muda gani, familia ni nani, na anayestahili kugawiwa asikilizwe kama mdaawa kamili, yaani mhusika halali wa kesi.