Mzee wa Baraza na Mwezi Mzima

Mtendaji wa kata alipoingia uani kwetu na pikipiki yake, akiwa amempakia mgambo nyuma, mke wangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na nakumbuka kwamba kukuna kulikoma kabla injini haijazimwa. Nilikabidhiwa karatasi yenye muhuri wa Mahakama Kuu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na mke wangu, aliyekuwa amekwisha kuja kuchungulia begani kwangu, alitambua humo mambo mawili tu: jina langu kamili, na lile neno la Kiingereza lenye maana ya mauaji, ambalo mtu hulijua kutokana na filamu hata kama hakusoma. Mtendaji alinitaka nitie saini kwenye nakala, akasema, "Usikose, Mwalimu, ukikosa kuna adhabu," akaondoka kwenda kudai ushuru wa soko.

Kufika magharibi, majirani watano walikuwa wamekwisha kuja kutupa pole. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi na hana maneno mengi, alinivuta hadi nyuma ya banda la kuku, akaninong'oneza kwamba kama kuna jambo lolote nimelifanya nisimweleze, ila nijue tu kuwa kuna jahazi linatweka alfajiri.

Ilinibidi nikae nao barazani niwafafanulie kwamba sikushtakiwa bali nimeteuliwa kuwa mzee wa baraza. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya wakati ule, na hapa nazungumzia mwaka 2016, Jaji wa Mahakama Kuu hakuweza kusikiliza kesi ya mauaji peke yake. Alitakiwa kuketi na raia wasiopungua wawili, ambao husikiliza ushahidi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kila mmoja hutoa maoni yake kwa mdomo kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa sheria iliwahitaji watu wa umri wa miaka 21 hadi 60, nami nilikuwa na miaka 57 na nilikuwa nimestaafu ualimu mkuu kwa hiari yangu, kwa hiyo nilikuwa mzee kwa mujibu wa barua tu. Jirani mmoja, mtazamaji mkubwa wa filamu, aliuliza kama tutakuwa watu 12 kama Marekani, na kama tutafungiwa chumbani mpaka tukubaliane. Nikamweleza kwamba kule Marekani baraza ndilo linaloamua, ilhali hapa Jaji hafungwi na maoni yetu, na hata tukiwa na kauli moja anaweza kuyaweka kando kwa sababu atakazozieleza.

Jirani alinitazama kwa huruma. "Sasa wanakuitia nini?"

Sikuwa na jibu, na mke wangu aliliuliza tena swali hilo hilo usiku.

Kikao kilifanyika katika jengo la mahakama mjini, mwendo wa saa moja kwa daladala kutoka kwetu, katika chumba chenye feni mbili ambazo moja ilizunguka na nyingine ilikuwa pambo. Wenzangu walikuwa wawili: mama mmoja mkulima wa mwani, mwenye macho makali na sauti ndogo, na fundi cherehani mmoja ambaye, kama nilivyokuja kugundua baadaye, hawezi kutunza siri hata ya kipimo cha kiuno. Karani wa mahakama, kijana mtanashati aliyevaa tai, alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nilimfundisha darasa la tano, na kwamba anakumbuka hasa zile siku nilizomsimamisha nyuma ya darasa, mikono juu, kwa kosa la kusinzia. Nilimwambia kwamba naona imemsaidia.

Sitaieleza kesi yenyewe, kwa kuwa kuna mtu aliyepoteza uhai wake na kuna familia zilizobaki na majonzi, na hayo si ya kuchekea. Inatosha kusema kwamba tukio lilitokea usiku, na kwamba mabishano yote yalihusu jambo moja: je, mashahidi walimwona na kumtambua mshtakiwa, au walimdhania?

Kabla ya kuanza, mshtakiwa aliulizwa kama ana pingamizi juu ya mmoja wetu. Alitutazama mmoja mmoja, kwangu akakawia kidogo, kisha akasema hana, nami nikajisikia kama mtu aliyefaulu usaili. Halafu Jaji akatueleza mipaka yetu kwa utaratibu mkubwa. Tunaruhusiwa kumwuliza shahidi swali la kutaka ufafanuzi, mawakili wakishamaliza, lakini haturuhusiwi kumdodosa, kwa sababu kudodosa ni kazi ya wakili anayetaka kumwangusha shahidi wa upande wa pili, na mzee wa baraza hana upande. Alisema kwamba Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya kesi nzima, na kuagiza zianze upya, kwa sababu tu wazee wa baraza waliwadodosa mashahidi. Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa, na nayaandika hapa ili msomaji asije akadhani kwamba nilifanya niliyoyafanya kwa kutojua.

Tatizo ni kwamba kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kudodosa. Shuleni kwetu palikuwa na mwembe, na hakuna msimu hata mmoja ambao sikuwapanga watoto 40 mstarini na kuwauliza mmoja mmoja alikuwa wapi wakati wa mapumziko mpaka mwenye utomvu mdomoni akajitokeza. Na pale mahakamani nilikuwa na silaha. Karani aliposoma shitaka, niliisikia tarehe ya tukio nikaitambua papo hapo, kwa kuwa ulikuwa ule usiku ambao nusu ya kijiji chetu ilikuwa ufukweni ikiutafuta mwezi wa Ramadhani, tukarudi bila kuuona. Nikaandika daftarini mwangu: "Mwezi hakuna," nikapiga mistari miwili chini yake.

Siku mbili nzima nilimsubiri mtu autaje mwezi. Mashahidi walitaja taa ya chemli, wakataja tochi yenye betri zilizokwisha nguvu, wakataja mlango uliokuwa nusu wazi, mwezi hapana. Nilianza kuhisi kwamba wananikwepa.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko ya mchana, nilikwenda kwa mama lishe nyuma ya mahakama nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na sahani ya kwanza ilipoisha sikuona sababu ya kuionea haya ya pili. Mama mkulima wa mwani alikuwa amekaa mbele yangu na kipande cha muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi.

"Mwalimu," alisema, "hicho unachokula ni usingizi."

Tuliporudi ndani nilikuta kwamba feni iliyokuwa ikizunguka imejiunga na mwenzake. Ieleweke pia kwamba wakati ule Jaji aliandika ushahidi wote kwa mkono, tena kwa Kiingereza, huku mashahidi wakisema kwa Kiswahili. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja mwaka 2021. Basi shahidi alisema sentensi moja, Jaji akainua kiganja kumsimamisha, na ukimya ukatanda chumba kizima wakati kalamu ikitafsiri. Kisha sentensi nyingine, kiganja, ukimya. Sijui kama kuna dawa ya usingizi inayofikia hiyo. Mara mbili nilisikia karani akikohoa, kikohozi cha mtu asiye na kifua, na leo naelewa kwamba kilikuwa kwa ajili yangu. Siwezi kusema kwamba nililala. Ninachoweza kusema ni kwamba kati ya sentensi ya shahidi iliyohusu shamba la minazi na ile iliyofuata, nilikuwa nimefika nyumbani kwa marehemu mama yangu na nimekwisha karibishwa chai.

Kilichonirudisha ni maneno mawili, ambayo shahidi aliyatamka kwa sauti kubwa kwa kuwa Jaji alikuwa amemwomba arudie.

"Mwezi mzima, Mheshimiwa."

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama.

"Mheshimiwa Jaji, naomba ufafanuzi," nilisema, na Jaji, ambaye nadhani alishangaa kuliko kuruhusu, alinyamaza kwa muda uliotosha mimi kumgeukia shahidi. "Bwana shahidi, unaijua tofauti ya mwezi mchanga na mwezi mpevu?"

"Naijua, mzee."

"Usiku huo unaousema, mwezi ulikuwa upande gani wa anga?"

Shahidi alitazama darini. "Sijui, mzee. Mimi nilikuwa ndani."

"Hujui kwa sababu haukuwepo!" nikasema, na nakiri kwamba kidole changu kilikuwa juu. "Mwezi mzima ungeutoa wapi, siku ambayo hata huo mwembamba kama ukucha haukuonekana? Mimi mwenyewe nilikuwa ufukweni usiku huo, tangu magharibi hadi isha, na wakati huo nilikuwa bado sivai miwani!"

Wakili wa utetezi alikuwa ameanza kutabasamu, kisha tabasamu lake likaishia njiani. Wakili wa Serikali, ambaye hakuwa amemaliza maswali yake, alikuwa ameinuka nusu, akabaki hivyo hivyo, mikono mezani, kama mtu anayetaka kuweka pingamizi lakini hajui aanzie wapi. Mshtakiwa, mtu ambaye kwa siku tatu hakuwa amebadilisha uso, alifunika mdomo kwa mkono.

Jaji aliweka kalamu chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mzee," alisema taratibu, "shahidi ameulizwa amemfahamu mshtakiwa kwa muda gani. Amejibu kwamba mshtakiwa alipanga chumba nyumbani kwake mwezi mzima. Siku thelathini."

"Siku thelathini, Mheshimiwa," nikarudia, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Una swali lingine kuhusu siku hizo thelathini?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Ulikuwa umelala?"

Palikuwa kimya kiasi cha kusikika mama lishe akisugua masufuria nje. Nilikuwa nimesinzia, nimedodosa, na juu ya hayo nimetoa ushahidi wangu binafsi bila kiapo, yote kwa muda usiozidi dakika mbili, na katika chumba chenye mawakili wawili mimi pekee sikuwa na wa kunitetea. Nilijibu kwa neno moja ambalo kwa bahati njema Kiswahili kimelipa maana mbili.

"Nilipitiwa, Mheshimiwa."

Jaji aliahirisha shauri kwa dakika kumi, akawaita mawakili faragha. Waliporudi alitangaza kwamba hakuna upande unaopinga mimi kuendelea, kwamba maneno yangu kuhusu mwezi si ushahidi na wenzangu wasiyazingatie kamwe, kisha akanisomea upya kila kitu ambacho shahidi huyo alikuwa amekisema tangu tuliporudi kutoka kula. Kilikuwa kingi kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza, karani alipita nyuma ya kiti changu akiwa amebeba majalada, akainama na kuninong'oneza kwa adabu zote:

"Mwalimu, ukiona inafaa, unaweza kusimama nyuma."

Kuanzia siku hiyo nilikula muhogo wa kuchemsha.

Siku ya mwisho Jaji alitufanyia majumuisho, akatueleza mambo ya kupima mtu anapodai kumtambua mwenzake usiku: umbali uliokuwepo baina yao, muda aliomtazama, kama alimfahamu kabla, na mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani. Alipofika kwenye mwanga alitaja chemli, akataja tochi na mlango, kisha akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi zake akanitazama mimi. "Hakuna ushahidi wowote," alisema, "uliotolewa mbele ya mahakama hii kuhusu mwezi."

Tulitoa maoni mmoja mmoja. Fundi alisema hana hatia, akazunguka sana kabla ya kufika. Mama mkulima wa mwani alisema kwamba kwa chemli moja yenye kioo cheusi kwa moshi, mlango wazi na upepo wa kusi unaupeperusha ule ulimi wa moto, yeye asingemtambua hata mumewe, na sijasikia maoni bora kuliko hayo. Mimi nilisema naungana na mama. Jaji naye alimwona mshtakiwa hana hatia, kwa sababu ndefu za kisheria ambazo chini yake, nina hakika, ulikuwepo ule moshi wa chemli. Tukatia saini, tukapewa posho, tukaagana.

Fundi cherehani alitangulia daladala ya kabla ya yangu, na nilipofika kijijini watoto wawili waliokuwa wakicheza bao chini ya mkungu waliniamkia, "Shikamoo, Mwezi Mzima." Hata binamu yangu wa Mombasa kisa kilimfikia. Yeye hunikumbusha kila tunapoonana kwamba Kenya iliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007, na kwamba sasa ameelewa sababu. Na kwetu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, ikawa si lazima tena Jaji kuketi na wazee, alinipigia simu usiku kunipongeza.

Lakini hiyo ilikuwa bado. Mwaka uliofuata baada ya kesi ile, mtendaji alikuja tena na pikipiki yake, safari hii bila mgambo, akanikabidhi wito mwingine: kikao kingeanza tarehe mosi na kumalizika tarehe 30. Mke wangu alikuwa juu ya mbuzi, na mara hii hakuacha kukuna.

"Na huko sasa mtakaa kwa muda gani?" aliuliza, huku ameinamisha uso ili nisimwone.

"Majuma manne," nikamjibu, "na siku mbili."