Treni Yangu Haifanyi Kazi

Nimeambiwa treni yangu haifanyi kazi. Nimeambiwa hadharani, chini ya mwembe, mbele ya Mama Wese na vijana wa bodaboda, na aliyeniambia alikuwa anatafuna karanga zangu. Mimi sina treni. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, na chombo changu pekee chenye gurudumu ni cherehani ya miguu, nayo inafika inakokwenda kwa wakati, kwa hiyo huko tusiendelee.

Treni inayosemwa iko kwenye dokezo la fumbo la maneno.

Kila Jumamosi baada ya alasiri Mwalimu anatoa neno moja, na baraza zima lina wiki ya kulitungia dokezo. Usifikirie lile dokezo la chemsha bongo ya gazetini, "mnyama mwenye shingo ndefu, herufi tano". Hilo ni la watu wenye afya zao. La Mwalimu upande mmoja linabeba maana ya neno, upande wa pili linabeba mchezo wa herufi unaolifikia neno lilelile kwa uchochoroni, na vyote viwili visomeke kama sentensi ya mtu anayelalamikia maisha yake tu. Wa kwanza anapata mgebuka mmoja mbichi, samaki wa ziwa letu, wa kuchangiana. Mwalimu hatungi. Mwalimu anahukumu.

Ugonjwa huu kaupata kwenye bahasha. Padri mmoja alipohama alimwachia magazeti ya Kiingereza ya kufungia vitu, na Mwalimu, badala ya kufungia vitu, akasoma. Humo ndimo alimojua kwamba fumbo la maneno lilitoka mara ya kwanza New York, tarehe 21 Desemba 1913, limetungwa na Arthur Wynne, tena likiwa na umbo la almasi, si mraba. Anapenda kutukumbusha kwamba reli ilifika Kigoma 1914, kwa hiyo fumbo na stesheni yetu ni kama mapacha. Sawa. Nami nakubali, vyote viwili unakaa unasubiri jibu.

Kisha Waingereza wakalichukua wakalitia pilipili. Mtunzi wao wa kwanza wa kutisha, kwenye gazeti la The Observer kuanzia 1926, alijiita Torquemada, jina la hakimu mkuu wa kutesa watu kule Hispania ya zamani. Aliyemfuata 1939 akajiita Ximenes, hakimu mwingine wa kazi ileile. Wa 1972 akajiita Azed, ambalo ukiligeuza unapata Deza, hakimu wa tatu! Hawa wawili wa mwisho ndio walioshika mashindano ya kutunga dokezo: unapewa neno, unatuma dokezo lako, unahukumiwa. Na kulikuwa na mwingine, mtunga sheria, akijiita Afrit. Ifriti, ndugu zangu. Jini kabisa. Ifriti huyo alisema si lazima umaanishe unachosema, ila ni lazima useme unachomaanisha. Mimi nimeoa miaka ishirini na saba, sheria hiyo naijua kwa kupigwa nayo.

Sasa Mwalimu, baada ya kusoma kwamba wenzake walijiita watesaji, akatangaza kuwa yeye ni Kadhi.

Sikatai kwamba wiki yenyewe ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Umeme mnaujua. Mwenye fremu kapita mara mbili "kunisalimia". Kuna dada aliniletea kitenge Alhamisi jioni anataka gauni la harusi ya Ijumaa asubuhi, na harusi yenyewe Kasulu. Na bado tulikuwa hatujamaliza ugomvi wa Juni kuhusu ng'ombe: je, kile kikoma cha ng' kinapewa kisanduku chake au kinapanda bure? Watu wawili hawasalimiani mpaka leo.

Lakini mimi si mgeni wa kazi hii, na ndiyo maana nimeumia. Neno la mwezi uliopita lilikuwa LIEMBA. Nilikata vipande sita vya bitana, nikaandika herufi kwa chaki, nikavihamisha juu ya meza ya kukatia siku nne. Ijumaa usiku vikajipanga vyenyewe: mbali, na e moja ikabaki pembeni inanitazama. Nikaandika: "Meli ilivunjwa mbali, e?" Ziangalie vizuri. Maana ni meli. Ilivunjwa ndiyo amri ya kuvuruga. Mbali na e ndizo herufi zenyewe. Na tena ni kweli tupu! Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa hapahapa na kushushwa ziwani 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao. Waingereza wakaja kuiibua, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Meli nzima imevurugwa herufi kwa herufi, na mimi nimeivuruga tena kwa maneno matatu na ki-e. Mwalimu alinipa nane. Mbili kakata kwa sababu e ya mshangao, anasema, huandikwa "eh".

Nikasema, "Eh?"

Akasema, "Umeona?"

Nilimeza. Wiki hii neno likawa KIGOMA, nikajua Mungu kanikumbuka. Sikuhitaji hata chaki. Lilinijia nikiwa natia uzi kwenye sindano:

"Mwisho wa reli ndani ya treni ikigoma."

Herufi sita. Nililisoma peke yangu nikacheka mpaka mke wangu akauliza ni nani kanitumia ujumbe.

Jumamosi Mwalimu akavaa miwani, akalisoma kwa ile sauti yake ya kusahihisha. Baraza likatikisa vichwa kwa pamoja, maana hakuna ambaye halijamkuta. Kijana mmoja wa bodaboda akaruka, "Uvinza!" Herufi sita kweli, na ndipo ilipomgomea yeye. Tukamtuliza.

"Fundi," Mwalimu akasema. "Neno liko wapi?"

"Limejificha ndani ya 'ikigoma', Mwalimu. Toa i."

"Vizuri. Na treni?"

"Treni imegoma."

"Nimeona imegoma. Nauliza, kwenye dokezo inafanya kazi gani?"

"Mwalimu, imegoma. Itafanyaje kazi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua karanga, akaimenya taratibu kama anayefungua jalada la kesi.

"Kila neno kwenye dokezo lina kazi. 'Mwisho wa reli' ni maana. 'Ndani ya' ni ishara ya kuficha. 'Ikigoma' ndilo pango. 'Treni' haina hata herufi moja iliyoingia kwenye jibu. Treni yako haifanyi kazi. Ni abiria asiye na tiketi."

"Treni ndiyo abiria?"

"Ndiyo."

"Kapanda nini?"

Hapo alinyamaza kidogo, na mimi nilidhani nimeshinda. Naomba mnielewe, kwa kitambo kile kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha.

"Halafu," akaendelea, "mwisho wa reli upi? Mwanza reli inaishia. Mpanda inaishia."

"Nchi nzima inajua mwisho wa reli ni Kigoma. Hata mtoto mchanga."

"Na Dar es Salaam je?"

"Dar ni mwanzo."

"Kwa nani?"

Swali hilo halikupaswa kuulizwa chini ya mwembe ule. Mzee mmoja wa Ujiji, ambaye alikuja kurekebishwa suruali tu, akasimama akasema yeye akipanda hapa ndipo anapoanza safari, kwa hiyo mwanzo wa reli ni Kigoma, na wote wanaotuita mwisho wamezoea kututazama kwa mgongo. Mwingine akajibu kwamba mwisho ni sifa, mwisho wa mambo yote. Muuza ndizi akauliza kama mjadala huu una posho. Dakika arobaini, wallahi. Suruali ya mzee ikiwa mapajani mwangu, sindano mdomoni, siwezi hata kuingilia kwenye kesi yangu mwenyewe.

Walipochoka, Mwalimu akarudi kwangu kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Na la tatu. Neno la kuficha hufichwa vizuri, lichukue mkia wa neno moja na kichwa cha jingine. Wewe umeificha Kigoma nyuma ya i moja. Umefanya kama mtu aliyejibanza nyuma ya mchikichi, tumbo lote nje."

"Lakini wamecheka, Mwalimu."

"Hata Stanley alipofika Ujiji 1871 watu wanacheka mpaka leo. 'Daktari Livingstone, nadhani?' Hiyo ni maana tupu, mchezo wa maneno hamna. Angekuja hapa ningempa mbili."

Mimi kanipa tano.

Na niseme jambo ambalo sikulisema pale kwa sababu ya sindano. Sheria zile ni za lugha ya watu wengine. Wao neno lao likigeuzwa linasimama popote, kwa sababu linaishia na herufi yoyote. Letu linaishia na irabu, kwa hiyo ukiligeuza lazima lianze na irabu, na hapo unabaki na nini? Ua unapata au. Uma unapata Amu, ambayo ni Lamu kwa wenyewe. Asi unapata Isa, na hapo ujipange kwa maswali. Basi! Ndiyo maana wazee wetu walipotaka kuficha maneno waligeuza silabi, kile kinyume tulichokua nacho mtaani, pesa inakuwa sape, soda inakuwa daso. Machi niliandika dokezo la MALI: "Lima kinyume upate utajiri." Kuna nini zaidi ya hicho? Lima, mali! Mwalimu akalisoma herufi kwa herufi kutoka nyuma, a, m, i, l, akauliza, "Amil ni nani?" Kanipa moja, ya mwandiko.

Siku ile ya Machi nilikwenda nyumbani nikalala nikigeuza kila kitu. Mama ukimgeuza ni mama. Baba ni baba. Dada, kaka, bibi, wote wako palepale, hawageuki, ndugu wa kutegemewa. Katika ukoo mzima anayegeuka ni mmoja tu, babu, naye akigeuka anakuwa buba, ambao ni ugonjwa wa ngozi. Sina ninayemlenga. Mwalimu ana wajukuu tisa.

Basi, turudi Jumamosi hii, nikarudisha suruali ya mzee, nikatema sindano, nikajipa moyo kwamba tano si haba, wengine wote wamepata tatu na nne. Kabaki Mama Wese peke yake. Huyu anauza mafuta ya petroli kwenye chupa za maji pale njia panda, na alianza kuja barazani kwa ajili ya kivuli tu. Alipata sifa neno lilipokuwa MAWESE, akaandika "Mafuta yamo ndani ya Mama Wese", na tafuteni wenyewe mwone kama hayamo. Tangu siku hiyo jina limemganda.

Akatoa kikaratasi kwenye pindo la kanga. Mwalimu akasoma:

"Mji umo ndani nikigoma."

Kimya. Halafu makofi.

Mwalimu akavua miwani akaifuta. "Maana, mji. Ishara, umo ndani. Pango, nikigoma. Hakuna abiria wa bure. Tisa."

Sasa jamani. Jamani! Hilo ni langu. Ni langu likiwa limetolewa treni. Nikasimama, futi ya kupimia shingoni, nikasema mimi nimeficha kwenye "ikigoma" nikaitwa mwenye tumbo nje, huyu kaficha kwenye "nikigoma", tumbo lake liko wapi?

"Lako lina herufi moja nje," akasema Kadhi. "Lake lina mbili."

Herufi moja! Mimi nimelea watoto wanne kwa cherehani hii, nimeshona sare za nusu ya mtaa huu kwa mkopo ambao haujarudi, nimesimama foleni zote ambazo mtu anaweza kusimama, sijawahi kulalamika mbele ya watu, na leo nakosa mgebuka kwa sababu ya n!

Mama Wese akanigeukia kwa huruma kabisa. "Shemeji, ungeitoa tu hiyo treni. Mimi siku hizi napanda basi."

Mgebuka wenyewe ulikuwa mnono. Aliufunga kwa gazeti la Kiingereza, ukurasa wa fumbo, na Mwalimu hakusema kitu.

Neno la wiki ijayo ni MGEBUKA, kwa kejeli au kwa bahati sijui. Nimekwishaapa sitashiriki. Lakini leo saa nane usiku nimeamka nikiwa nimeona kitu: ndani yake kuna geuka. Geuka imemeza b, na m imesimama mlangoni. Samaki aliyemeza kitu akageuka. B naitoa wapi? Herufi ya kwanza ya boti? Ya bahari, au ya baba? Asubuhi kaja mteja wa kupimwa suti, namzungusha futi kiunoni, nikamwambia geuka, akageuka, nikamwambia geuka tena, akageuka, mara ya nne akaniuliza, "Fundi, natafutwa nini?"

Nikatazama kwenye daftari. Kwenye mstari wa kiuno nimeandika: herufi saba.