Fisi Kwenye Kikao cha Harusi

Binamu yangu hakujua kwamba anaazima mazimwi. Yeye alitaka jedwali tu.

Alikuwa katibu wa kamati ya harusi ya dada yetu, na aliyewahi kukaa kwenye vikao vya harusi hapa Moshi anajua ukatibu si cheo, ni adhabu: nani kaahidi, nani kalipa nusu, nani yuko kwenye "nikumbushe mwisho wa mwezi". Alinikuta nyumbani Majengo naandaa kampeni, yaani hadithi ndefu ya kuchezwa, ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia mezani ulioanzishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tunaucheza Jumamosi na wenzangu, ila mashujaa wetu hawapotei kwenye mahandaki ya Ulaya. Wanapotea msitu wa Rau.

Alipoona jedwali langu la viumbe, macho yalimtoka. Kichwa cha kijani kibichi, mistari inapishana nyeupe na kijivu, tarakimu zimejipanga kulia. Nikamweleza raha ya kiolezo: unapanga mwonekano mara moja, unaupa jina, kisha kila jedwali jipya linauvaa. Ukigusa kiolezo, majedwali yote yanafuata.

"Nipe na mimi, kaka."

Nikampa. Nikamwambia aunde jedwali lake pembeni, kiolezo asikiguse, na ile safu ya mwisho yenye kipicha cha dadu aifute. Akasema "sawa, sawa" huku anabishana kwenye simu na mtu wa ndafu.

Akaenda moja kwa moja kwenye kiolezo. "Kiumbe" akaandika "Jina", "Nguvu" ikawa "Ahadi", "Uhai" ukawa "Amelipa". Safu ya mwisho, "Masaibu", aliiona imekaa bure akaiita "Maoni". Kumbe haikukaa bure. Ukurasa ukifunguliwa, programu inatupa dadu mbili kwa kila mstari, inajumlisha, inachota jibu kwenye orodha yangu ya masaibu.

Siku ya kikao, projekta ikawashwa. Mwenyekiti, baba mkubwa, akavaa miwani akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya matangazo ya kanisani.

"Shangazi wa Marangu. Ahadi, laki mbili. Amelipa, laki moja. Maoni: amepoteza viatu matopeni."

Shangazi akainama kuangalia miguu yake.

"Mjomba wa Kiborloni. Ahadi, laki tatu. Amelipa, sifuri. Maoni: fisi watatu wanamfuata hadi nyumbani."

Hapo hata wahudumu waliacha kugawa soda. Mjomba akasimama. "Katibu, hao fisi watatu ni akina nani? Wataje!"

Binamu, kwa kihoro, akaufungua ukurasa upya. Kuufungua upya ni kutupa dadu upya. Shangazi sasa "anaendelea na safari salama", mweka hazina "amegeuka jiwe", na mjomba, Mungu ni shahidi, kapata fisi walewale.

Ikabidi nisimame. "Shikamoo mjomba. Ni dadu tu. Jumla ya saba inapatikana kwa njia 6 kati ya 36, ndiyo maana nimeiwekea safari salama. Kumi na mbili ina njia moja, sita na sita, na fisi nimewaweka huko ili watokee kwa nadra. Kuwapata mara mbili mfululizo ni nafasi moja kati ya 1,296."

Nilidhani hesabu itamtuliza.

"Nafasi elfu moja mia mbili na tisini na sita," akarudia taratibu, "na wamenifuata mimi?"

"Ni bahati nasibu, mjomba."

"Bahati nasibu sijawahi kushinda hata sufuria. Leo ndiyo nishinde fisi?"

Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Kwani umelipa?"

Mjomba akatoka nje. Tukajua kasusa. Punde simu ya mweka hazina ikalia mezani: laki tatu, zote, kwa mpigo. Baba mkubwa akavua miwani, akaifuta, akamwambia binamu, "Hebu fungua tena." Watu wenye sifuri walianza kupapasa mifuko kabla ukurasa haujafunguka.

Mimi nilikuwa nimeusahau upande wangu wa mkasa. Jumamosi mashujaa wakafika katikati ya Rau, zimwi likatokea na rungu, nikageuza kompyuta wenzangu walione. Kiolezo ni kilekile, vichwa ni vya binamu: Jina, Zimwi. Ahadi, 14. Amelipa, 59.

Mwenzetu mwenye upanga akasoma, akasoma tena, akauweka chini.

"Mimi simpigi. Huyu kaahidi kumi na nne kalipa hamsini na tisa. Mpeni kadi ya dabo aje na mkewe."