Manati ya manowari: kinacholipiwa hasa ni nini?

Tarehe 2 Mei 1982, kusini mwa Atlantiki, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya kubeba ndege ya Argentina, Veinticinco de Mayo, ilikuwa imeandaa ndege zake za Skyhawk kuzishambulia meli za Uingereza alfajiri. Upepo ukalegea. Bila upepo wa kutosha juu ya sitaha, manati yake ya mvuke, yaani mtambo wa kuisukuma ndege iruke kwenye sitaha fupi, yasingeweza kuzirusha ndege zilizosheheni mabomu, na shambulio likaachwa. Waingereza hawakuwa na manati kabisa. Sea Harrier zao ziliruka kutoka Hermes na Invincible kwa kupanda mwinuko uliojengwa kwenye ncha ya sitaha, zikadungua ndege zipatazo 20 bila hata moja kuangushwa na ndege ya adui.

Wanaosema manowari za kubeba ndege hazihitaji manati huutumia ushahidi huo, nao una uzito. Lakini siku mbili baadaye kombora la Exocet, lililorushwa na ndege ya Super Étendard, liliipiga manowari ya Kiingereza Sheffield na kuua mabaharia 20. Ndege za Argentina zilikuja chini sana juu ya maji, ambako rada za meli haziwaoni mapema. Zamani Uingereza ilikuwa na ndege za rada aina ya Gannet, ambazo huona kutoka juu kile ambacho meli haikioni, zilizorushwa kwa manati ya Ark Royal, meli iliyostaafishwa miaka michache kabla ya vita hivyo. Kwa maoni yangu mjadala wote uko hapo. Tunabishana kuhusu ndege za kivita, ilhali faida kubwa ya manati ni ndege ya rada.

Ukiyatazama kwa karibu, manati ya mvuke ni mitungi miwili mirefu chini ya sitaha, yenye pistoni ndani. Kipande cha chuma kinachojitokeza juu ya sitaha hushikana na gurudumu la mbele la ndege. Rubani anafungulia injini nguvu zote huku ndege ikiwa bado imezuiwa. Mvuke unapoachiwa, kizuizi kinakatika, na ndani ya sekunde mbili au tatu ndege inapita kilomita 240 kwa saa. Mwingereza Colin Mitchell ndiye aliyeyabuni, yakajaribiwa kwenye meli ya Perseus kuanzia 1950, kisha Wamarekani wakayachukua. Bila hayo, jeti nzito kama Phantom na Tomcat zisingeweza kuruka baharini zikiwa na mafuta na silaha za kutosha.

Ubaya wake ni mvuke wenyewe: mabomba, uvujaji, mafundi wengi, na mshtuko unaochosha mwili wa ndege. Ndiyo maana Marekani iliweka manati ya sumakuumeme kwenye manowari ya Gerald R. Ford, iliyoingia jeshini 2017. Msukumo wake unapimwa kulingana na uzito wa ndege, hata droni nyepesi. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Lakini wapimaji wa Pentagon waliripoti mwaka 2020 kwamba yaliharibika kwa wastani kila baada ya kurusha ndege mara 181, wakati lengo lilikuwa mara 4,166. Hilo si dosari ndogo kwa meli ya takriban dola bilioni 13. Hata hivyo China nayo imechagua umeme kwa manowari yake Fujian, ikaruka hatua ya mvuke moja kwa moja.

Uingereza iliyumba. Mwaka 2010 serikali iliamua kuweka manati kwenye moja ya manowari zake mpya. 2012 ikarudi kwenye mwinuko na F-35B, ndege ya kivita isiyohitaji manati, baada ya gharama ya mabadiliko kukadiriwa kufikia pauni bilioni 2. Kwa bajeti yao naelewa. Lakini F-35B hubeba mafuta pungufu kuliko F-35C ya manati, na rada yao ya angani hubebwa na helikopta ya Merlin, isiyofika juu wala kukaa angani kama Hawkeye, ndege ya rada inayorushwa kwa manati.

Ufaransa ina manowari moja tu ya kubeba ndege, Charles de Gaulle, na ikienda matengenezo hakuna mbadala. Hilo nalihesabu kuwa udhaifu mkubwa. Lakini ikiwa baharini ina Hawkeye yake, na mwaka 2018 Rafale zake zilifanya mazoezi kutoka kwenye manowari ya Marekani George H.W. Bush, zikirushwa kwa manati ya mwenyeji. Ningekuwa na fedha za meli moja tu, ningefuata njia ya Wafaransa, kwa mvuke uliozoeleka, nikiyasubiri ya umeme mpaka yaaminike.