Msiifute "ka" ya msimuliaji

Wiki hii nimekutana tena na jambo linalonikera: kurasa za ngano zilizorekodiwa Eastlands, Nairobi, na kila msimuliaji aliposema "akaingia", mnukuzi, yaani anayeandika maneno kutoka kwenye sauti, ameandika "aliingia". Vituo vya kimya vimefutwa. "Si unajua" imefutwa. Wasikilizaji wamefutwa wote. Sababu aliyotoa ni kwamba alitaka Kiswahili sanifu. Lakini -ka- ni Kiswahili sanifu!

Msimuliaji hufungua kwa -li-, kisha huiachia -ka- ibebe mambo: "Alishuka kwenye matatu, akatazama nyuma, akaanza kukimbia." Geuza mpangilio, "alianza kukimbia, akashuka", na tayari una kisa kingine kabisa. Watafiti wa lugha wa Marekani, William Labov na Joshua Waletzky, mwaka 1967, walitumia jaribio hilihili kutambua vishazi vinavyobeba kisa: vile ambavyo ukivibadilisha nafasi, na matukio yamebadilika. Kiingereza walichokichunguza hakina kiambishi cha kazi hiyo. Sisi tunacho, silabi moja tu ndani ya kitenzi. Na -li- ikirudi katikati, "akaanza kukimbia, alikuwa amemwona yule jamaa wa jana, akaingia kichochoroni", msimuliaji ametoka nje ya kisa kidogo kutupa sababu, kisha akarudi. Hapo unaiona akili ikipanga lipi ni tukio na lipi ni maelezo. Ukiandika -li- kote, umekitandaza kila kitu sawasawa, na hakuna uchanganuzi utakaokirudisha ulichokifuta.

Najua mnukuzi hafanyi kwa ubaya. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge, katika utafiti aliouchapisha 1932, aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisimulie upya kwa kumbukumbu. Mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Akili hukilainisha kigeni hadi kifanane na cha nyumbani. Ila mnukuzi ana sauti yenyewe mkononi, anaweza kurudi akasikiliza.

Kwa hiyo, tafadhali. Kinasa sauti kikae juu ya leso iliyokunjwa, maana meza hubeba kila mlio wa kikombe kikigonga. Kiwashwe kabla ya "Paukwa", kwa sababu "Pakawa" ndiyo hadhira ikikubali kuingia. Kitenzi kikuu kimoja, mstari mmoja. Kimya kinachozidi nusu sekunde kipimwe na kiandikwe kwenye mabano. Mara nyingi huja pale msimuliaji anapohamia mahali pengine au kwa mhusika mwingine. "Ehee" ya msikilizaji iandikwe palepale iliposikika, kwani ikikosekana msimuliaji huweza kurudia sentensi, na wewe uliyeifuta utadhani marudio ni kosa lake. Sheng ibaki Sheng.

Haya, kitabu cha watoto wa darasa la pili hakiwezi kuchapishwa na mabano yote hayo. Basi tengeneza nakala ya pili. Ile ya kwanza usiiguse. Ihifadhi na sauti yake, kwa jina moja la faili.